Ukuta Uliooshwa

Mtaani walimwita Fundi Chunusi, naye hakuchukia, kwa sababu jina hilo lilimletea wateja kuliko bango la mlangoni. Uliingia studio kwake na uso uliojaa vipele, ukatoka na picha ya pasipoti yenye uso laini kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Makovu, madoa, macho mekundu ya ulevi, jasho la kwapani kwenye suti ya kuazima, vyote alivifuta kwa kompyuta yake kuukuu huku akipiga mluzi. Askari wa mpakani atakutambuaje na uso huo mpya? Hilo halikuwa shauri lake.

"Mimi natengeneza picha," alikuwa akisema. "Ubaya wenu mnaujua wenyewe huko majumbani."

Aliaibika safari moja. Bibi harusi fulani alikuwa na baka jeusi shavuni, na Fundi, bila kuulizwa wala kutumwa, akaliondoa katika picha zote. Albamu ilirudi imebebwa na nyanya yake bibi harusi, kikongwe aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mjukuu wangu yuko wapi?" akauliza.

"Huyo hapo, bibi, kwenye gauni jeupe."

"Huyu simjui. Wetu ana baka. Mimi hapa ninalo, na mama yangu alizikwa nalo. Ukipenda boga, kijana, penda na ua lake."

Wateja waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka wakashikana mabega. Fundi alicheka nao, akalirudisha baka mahali pake, na wiki iliyofuata akaendelea kufuta ya wengine. Mazoea yana taabu. Ilikuwa imefika mahali mkono wake unafuta kabla kichwa hakijauliza kitu, na mkewe, aliyekaa kaunta, alizoea kumtania kwamba siku atakayokufa atalifuta jeneza kwa sababu lina mikwaruzo.

Nyumba yao ilikuwa mtaa uleule wa studio, na katika chumba cha nyuma aliishi mama yake. Miguu ya mama ilikuwa imevimba, kutoka kitandani mpaka kiti cha dirishani ilikuwa ni safari. Alikuwa mtu wa maneno machache, na habari za baba ndizo zilizokuwa chache zaidi. Fundi alijua kwamba baba yake alikuwa mchimbaji. Alijua kwamba shimo lilimporomokea yeye na wenzake wakati Fundi bado anatambaa, na kwamba wenye mgodi, walipoona kuwafukua watu ni kazi kubwa, waliziba mdomo wa shimo kwa zege, wakafunga virago na kwenda zao. Kaburi hakuna. Picha ya baba nayo hakuna, hata ile ndogo ya kibali cha kazi, na kwa mtu anayekula kwa kupiga picha jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Asilolijua ni hili, na hapa itabidi tumtangulie kidogo.

Katika banda lililojengwa juu ya mdomo wa shimo palikuwa na ndoo ya chokaa ya kutilia alama magogo. Kila mchimbaji, kabla ya kuingia kwenye kizimba cha kuteremkia, alichovya kiganja cha kulia katika chokaa ile na kukibandika ukutani. Akipanda juu salama, jambo la kwanza, kabla hata ya kunywa maji, alichukua kitambaa kibichi akaufuta ule mkono wake wa chokaa. Aliyeanzisha desturi hiyo hakuna aliyemjua. Wasimamizi waliipiga marufuku, wakaona hawasikilizwi, mwisho wakaizoea, maana kwa kutupa jicho ukutani waliona nani bado yuko chini. Wachimbaji hawakuagana kwa kwaheri. Walisema, "Ukaufute," na mwenzako alijibu, "Nitaufuta." Wake zao nao walilichukua neno hilo, wakawa wanalisema mlangoni kila alfajiri. Asubuhi ile ya mwisho mtoto alikuwa na homa, analia, mama anahangaika naye, na mume akatoka bila kuambiwa neno hilo.

Siku ya kuzibwa shimo, wajane waliruhusiwa kuingia bandani. Ukutani ilikuwa imebaki mikono. Baadhi yao waliifuta kwa ncha za nguo zao, ili waume zao wapumzike. Mama yake Fundi aliutafuta wa mumewe na kuutambua mara moja, kwa sababu kidole cha pete kiliishia katikati. Nusu yake iliwahi kuondoka na waya wa winchi. Hakuufuta. Alikiweka kiganja chake juu yake kwa kitambo, kisha akageuka akaondoka na mtoto mgongoni, na hakurudi tena, maana baadaye ilikuja senyenge na mlinzi.

Basi ziliposikika habari kwamba eneo la mgodi wa zamani limeuzwa na litasawazishwa lijengwe maghala, mama alimwita mwanawe chumbani.

"Mwanangu, unapiga watu wote picha. Na mimi nina kazi yangu nataka unifanyie."

"Sema tu, mama. Tena kwako ni bure, na chunusi natoa."

Mama hakucheka. "Nenda mgodini. Ukiingia kwenye banda la shimo, kuna ukuta mkono wako wa kulia. Nipigie huo. Nataka niutundike hapa, niwe nauona."

"Ukuta tu?"

"Ukuta tu. Uupige vilevile ulivyo. Miguu hii haitanifikisha tena."

Kiganja hakukitaja. Alitaka mwanawe aingie mwenyewe, aone mwenyewe, arudi na sauti iliyobadilika na kumwambia, mama, nimemwona baba. Zawadi ya namna hiyo ukiiomba kwa kinywa inapoteza utamu. Ndivyo alivyofikiri, na nani angemlaumu?

Fundi alikwenda siku ya mawingu mazito. Mlinzi, mtu mwembamba ndani ya koti la mvua lililomzidi mwili, alimfungulia lango lisilokuwa na sababu ya kufungwa, kwa kuwa senyenge yenyewe ilikuwa imelala chini pande zote.

"Piga haraka, fundi," alimwambia. "Katapila limeshaanza kule kwenye vyoo. Wenyewe hawana subira hawa."

Alianza na gurudumu kubwa la winchi, lililosimama juu ya nguzo zake likiwa limekula kutu mpaka lina matundu. Akapiga reli za vigari, zilizozama majanini. Akaingia chumba cha kubadilishia nguo, ambako minyororo ya kuning'inizia mavazi ilikuwa bado inashuka kutoka darini, kila mmoja na ndoano yake, na ndoano mojawapo ilikuwa imeshika kola ya shati, shati lenyewe limekwisha. Kwenye sinki palikuwa na kipande cha sabuni kilichopasukapasuka kama udongo wa kiangazi. Kulikuwa na baridi isiyoelezeka na harufu ya chuma na mkojo wa popo. Kutoka mbali katapila lilikuwa likinguruma, linanyamaza, linanguruma tena.

Njiani alikuwa amejiandaa kulia. Hata leso aliiweka mfuko wa karibu. Lakini aliposimama bandani juu ya lile zege, akijua kwamba chini ya nyayo zake, mbali sana chini, yumo baba yake, alijisikia kama mtu aliyesimama juu ya zege na si zaidi. Machozi hayakuja. Aliona aibu, akajificha nyuma ya kamera kama alivyozoea kujificha kwenye misiba ya watu.

Ukuta wa mkono wa kulia ulikuwa wa kijivu, plasta imebanduka huku na huku, mwanga unaushukia kupitia mabati yaliyotoboka. Palikuwa na mabaka meupe, mengine yamefifia, moja limekolea, usawa wa kifua.

"Ndege hawa hawana adabu," alinung'unika, akasogea nyuma na kutafuta upande ambao mabaka yasingeonekana sana. Akapiga. Akapiga tena ili kuwa na uhakika. Akafunga begi lake na kuondoka.

Kesho yake alikaa mbele ya kompyuta. Neno la mama alilikumbuka vizuri sana, vilevile ulivyo, lakini akajiambia kwamba mama anataka ukuta uleule, si uchafu uleule. Nani atundike kinyesi cha ndege chumbani kwa mama yake mzazi? Akaanza kufuta. Akapiga mluzi. Mabaka yaliyofifia yalitoka kirahisi. Alipolifikia lile lililokolea alisita kidogo, kwa sababu lilipokuzwa kwenye kioo lilionekana kama lina matawi. Akainamisha kichwa kulitazama. Wakati huohuo mteja akaingia akitaka picha ya pasipoti ya haraka, Fundi akanyanyuka, akamkalisha, akampiga, akamtoa vipele vyake. Aliporudi kwenye ukuta alilifuta baka lile bila kulitazama mara ya pili. Akahifadhi picha mpya juu ya ile ya zamani, maana kompyuta ilikuwa imejaa. Kadi ya kamera akaimwaga yote, kwa kuwa mchana ule alikuwa na harusi.

Picha ilitoka nzuri mno. Mkewe mwenyewe aliisifu. Wakaitia kwenye fremu pana yenye kioo.

Mama aliipokea kwa mikono miwili akaigeuzia dirishani. Kidole chake kilianza kutembea juu ya kioo, taratibu, usawa wa kifua, kutoka pembeni kuja katikati. Kikasimama. Kikarudi mwanzo, kikatembea tena njia ileile.

"Ndio ukuta wenyewe huu?"

"Ndio wenyewe, mama."

"Mbona umeoshwa?"

"Nimeusafisha kidogo tu. Ndege walikuwa wameuchafua, una mabaka meupe. Nikaona haipendezi kukutundikia vile."

Mama alimtazama. Usoni hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alikiweka kiganja chake juu ya kioo, mahali ambapo plasta ya kijivu ilikuwa safi kuliko mahali popote.

"Baba yako alikuwa hapa," alisema.

Kisha akamwambia habari yote, ya ndoo, ya kitambaa kibichi, ya kidole kilichokatika, ya asubuhi ya homa. Fundi alianza kusikiliza akiwa amesimama na akamaliza akiwa ameketi sakafuni.

"Sikukwambia," mama alimalizia. "Nilitaka umwone mwenyewe."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu hujaribu kuyazoa hata hivyo. Fundi alikimbilia studio akaipekua kompyuta kila pembe, akaichomeka kadi na kukutana na watu wa harusi wakimkenulia meno. Siku iliyofuata alikuwa langoni mwa mgodi kabla mlinzi hajavua koti lake la mvua.

"Ah, fundi, umechelewa," mlinzi alisema. "Banda walilianza jana asubuhi."

Gurudumu lilikuwa limelala ubavu. Mahali pa banda palikuwa na rundo la matofali, mabati na plasta, na Fundi akapanda juu yake akaanza kufukua kwa mikono. Alitafuta weupe. Kila kipande chenye weupe kilikuwa ni vumbi tu, ukikipuliza kinageuka kijivu. Vidole vilichanika. Mwendeshaji wa katapila, baada ya kungoja kiasi cha kungoja, alizima mashine akashuka.

"Ndugu, umepoteza nini hapo?"

"Ukuta."

Yule mtu alilitazama rundo, akamtazama Fundi, akakuna kidevu. "Sasa si ndio huo umesimama juu yake?"

Hakusema kwa kejeli. Fundi alishuka, akaenda zake, na ndani ya basi leso yake ilipata kazi hatimaye, mpaka jirani yake wa kiti akahama.

Siku hizo nyumba ilikuwa nzito. Mama hakulalamika wala hakukataa chakula. Aliinama tu upande wa dirisha, na akiulizwa jambo alijibu baada ya muda, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Aliiagiza ile picha itundikwe. Fundi akaitundika. Kila asubuhi alikuta kwenye kioo alama ya mafuta ya kiganja, palepale. Mara ya kwanza mkono wake ulishatoa leso mfukoni kabla hajajua anafanya nini. Akairudisha.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na wazo baya huja limevaa nguo za wema. Aliagiza chokaa. Nyuma ya pazia jeupe la studio, ukutani, alikibandika kiganja chake cha kulia, kidole cha pete amekikunja katikati, akaupiga picha mkono ule na kuanza kuupandikiza kwenye ukuta wa kijivu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alikuwa anaongeza baka. Alilififisha kingo, akalipa vumbi, akalipa umri. Hakupiga mluzi.

Mkewe alisimama nyuma yake akitazama.

"Unamfanyia nini mama yako?"

"Namrudishia mumewe."

"Mume wa mtu hatengenezwi kwa chokaa na kompyuta," mkewe alisema. "Mwambie huna. Atalia, yatakwisha."

"Wewe hukumwona anavyotafuta na kile kidole."

Mkewe akarudi kaunta.

Jioni Fundi aliingia chumbani na fremu ya pili. "Mama, bahati njema. Ile ya mwanzo, kabla sijaifuta, nimeiona ilikuwa imejificha kwenye kompyuta."

Mama aliipokea. Safari hii kidole hakikuhitaji kutembea, kilikwenda moja kwa moja. Alitazama sana. Akapapasa kidole cha pete kilichoishia katikati.

"Kidole kiko sawasawa," alisema.

Fundi akashusha pumzi.

"Lakini hili gumba nalijua. Lilibanwa na mlango ulipokuwa mtoto, nikalifunga kwa kijiti mimi mwenyewe, likaunga upande." Akainua macho. "Lete mkono wako."

Fundi aliuficha mgongoni, mtu mzima na watoto wake. Halafu akautoa, na gumba lilikuwa limepinda kama lilivyokuwa limepinda sikuzote. Maelfu ya nyuso alizozipekua kutafuta kasoro, na kasoro yake mwenyewe hakuiona.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nisamehe. Nilitaka tu uwe na kitu."

Lakini mama hakuwa anaisikiliza toba yake. Uso ulikuwa umembadilika, na kilichokuwa pale kilikuwa ni hofu.

"Umeubandika wapi mkono huu?"

"Studio. Nyuma ya pazia."

"Bado upo?"

"Upo."

"Umeuacha mkono wako ukutani, ukaondoka?"

"Mama, ni chokaa tu ile."

"Na wa baba yako ulikuwa chokaa tu." Fremu ilimteleza magotini ikaanguka, kioo kikapasuka, na hakuna aliyeinama kukiokota. "Mmoja umenitosha. Nenda."

"Nitakwenda asubuhi, acha kwanza niokote hivi vioo…"

"Nenda sasa!"

Fundi akatoka. Alikuwa amefika njiani aliposikia kishindo cha kiti nyuma yake. Akageuka, akamwona mama yake amesimama kwenye mlango wa nje, yule asiyevuka chumba bila kushikwa, amejishikiza kwenye fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, miguu inamtetemeka.

"Ukaufute!" mama alipaza sauti, mtaa mzima ukasikia.

Alikimbia. Studio mkewe alikuwa anafunga, na mteja wa mwisho, kijana mwenye kipele kipya puani, alikuwa anabembeleza asirudishwe. Fundi aliwapita wote wawili. Aliloweka kitambaa, akavuta pazia, akasugua. Chokaa ilikuwa imeshika. Ilitoka kidogo kidogo, kwanza kiganja, kisha vidole, na gumba ndilo lililokuwa gumu zaidi. Alilisugua mpaka rangi ya ukuta ikatoka nalo na plasta ikaonekana.

Alirudi nyumbani maji yakimchuruzika kwenye mikono ya shati. Mama alikuwa bado amesimama palepale mlangoni. Majirani walikuwa wamemletea kiti na hakukikalia.

"Umeufuta?"

"Nimeufuta, mama."

Alimshika ule mkono, akaugeuza, akaukagua kiganja na nyuma yake kwa nuru iliyobaki, kidole kwa kidole.

"Haya," alisema. "Ingia ndani."